Uliza Fundi: Viboksi vya kiwandani, prosesa siyo swali la kwanza

Mwezi huu maswali mengi yamekuja ya vile viboksi vidogo vya kompyuta vya viwandani, vile vya alumini vyenye mapezi mgongoni, havina feni, unakifunga ukutani au ndani ya kabati la umeme kinakaa hapo miaka. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na waulizaji nimetaja kazi na mahali tu. Kitu kimoja nimekiona kwenye karibu barua zote: watu wanauliza prosesa kwanza, umeme na poti wanaulizia mwishoni au hawaulizii kabisa, wakati huko ndiko pesa inakopotelea.

Shikamoo fundi. Nina mashine ya kusaga na kupaki unga hapa Kibaigwa. Kompyuta ya mezani inayopokea uzito kutoka kwenye mizani na kutoa risiti inakufa kila mara kwa vumbi. Muuzaji ana viboksi viwili, kimoja prosesa J1900 RAM GB 4, kingine prosesa N100 RAM GB 8, cha pili bei karibu mara mbili. Nichukue kipi? (Mwenye mashine ya nafaka, Kibaigwa)

Marhaba. Kabla ya J1900 au N100 naomba kwanza ugeuze hicho kiboksi uangalie nyuma. Kina poti ngapi za COM, zile za pini tisa? Mizani yako kama ni ya kawaida inatoa waya wa RS-232, sasa ukinunua kiboksi chenye prosesa ya ajabu halafu hakina COM utaishia kuchomeka konveta ya USB, na konveta ya USB kwenye chumba kinachotetemeka kwa kinu inalegea, inachomoka, ikirudishwa tundu jingine inabadilisha namba, jana ilikuwa COM3 leo COM5 na programu ya mizani haioni kitu, kijana wa zamu anapiga simu. Kwahiyo COM halisi mbili angalau, moja ya mizani na moja ya akiba. Na waya wenyewe wa RS-232 usiuvute mbali, mita 15 hivi ndo kiwango, ukizidisha sana namba zinaanza kuja na takataka.

Sasa prosesa. J1900 ilitoka mwishoni mwa 2013, kori nne, wati 10, inatumia RAM ya DDR3L na mwisho wake GB 8. Kusoma mizani na kutoa risiti inaweza bila jasho, sikufichi, mpaka leo ziko nyingi zinafanya kazi hiyo hiyo. Shida yake ni umri, haina ile sehemu ya ndani ya chipu inayosaidia kusimba data kwa AES kwahiyo VPN, ile njia ya siri ya kupitisha data kwenye intaneti, inailemea, na Windows 11 haiitambui rasmi. N100 ni ya mwanzoni mwa 2023, nayo kori nne, inapanda mpaka GHz 3.4, imeandikwa wati 6. Usishangae ukikuta ina nafasi moja tu ya RAM, muuzaji hajakupunja, hiyo chipu inaongea na memori kwa njia moja na Intel wenyewe wameiandikia mwisho GB 16. Hapo katikati kuna J4125 ya 2019 na J6412 ya 2021, hii ya pili ni ya familia iliyotengenezwa hasa kwa kazi za viwandani, ukiipata kwa bei ya katikati chukua wala usijute.

Kwako wewe, kama hiyo N100 ina COM mbili, chukua N100. Kama haina na J1900 inazo, chukua J1900 kwa bei ya chini, uweke Linux, ukijua unanunua kitu cha zamani. Hiyo ndo hesabu yangu.

Ila kuna jambo la vumbi lazima niliseme vizuri. Kiboksi kisicho na feni hakivuti unga ndani, hilo ni kweli, lakini lile bodi la alumini ndo linalotoa joto badala ya feni, unga ukiganda katikati ya mapezi unakuwa umelivisha koti. Prosesa ikipata joto sana, na N100 kikomo chake ni nyuzi 105 ndani ya chipu, inajipunguza mwendo yenyewe, mtu anasema "mashine imekuwa nzito" anaanza kufomati Windows kumbe dawa ilikuwa brashi kavu. Kifunge ukutani mapezi yakiwa yamesimama wima ili hewa ya moto ipande, usikilaze chini ya faili la risiti. Na "haina feni" haina maana "haiwezi kuwasha moto": vumbi la unga likijaa hewani linaweza kulipuka kwa cheche ndogo tu, na viboksi hivi vya kawaida havijatengenezwa kwa sehemu kama hiyo, kwahiyo kiweke chumba cha ofisi upande wa pili wa ukuta halafu pitisha waya, usikitundike juu ya kinu.

Habari za kazi. Natunza mradi wa maji wa kijiji, pampu ya sola, betri mbili za volti 12 tumeziunga kupata 24. Nataka kuweka kompyuta ndogo inayorekodi kina cha tenki na kutuma kwa intaneti ya simu. Naweza kuiunga moja kwa moja kwenye betri bila inveta? (Fundi maji, Singida)

Unaweza, na ndivyo inavyotakiwa, lakini inategemea maneno madogo sana yaliyoandikwa pembeni ya tundu la umeme. Kuna viboksi vimeandikwa "DC 12V" basi, na kuna vilivyoandikwa "DC 9-36V". Kwa macho ni ndugu, vyote vyeusi, vyote vizito, bei ndo inatofautiana, na wengi wanakimbilia cha 12V kwa kuwa ni rahisi.

Cha 12V kinataka 12 kweli, kidogo juu kidogo chini. Betri ya 12 haikai 12 hata siku moja, ikichajiwa na sola inapanda 14.4, usiku ikiishiwa inateremka kuelekea 11 na pungufu. Wewe una 24, mchana inaweza kusoma 28.8, na kama kontrola yako ya chaji ina ile kazi ya kuzisawazisha betri za maji inapita hata hapo. Ukiunga cha 12V hapo umekichoma siku ya kwanza. Cha 9-36V kinameza yote hayo. Nunua hicho, au kama tayari umenunua cha 12V weka konveta nzuri ya DC kwenda DC inayoshusha 24 kuja 12, yenye nafasi ya kutosha, angalau ampia 5, isiwe ile ya kuchajia simu.

Inveta achana nayo kwa kazi hii, unapandisha 24 mpaka 230 halafu adapta inashusha tena mpaka 12, kila hatua inakula, na inveta yenyewe ikikaa tu bila mzigo inakunywa umeme usiku kucha.

Hesabu ya betri ifanye kabla hujapanda juu ya nguzo. Zile wati 6 zilizoandikwa kwenye prosesa ni za prosesa peke yake, kiboksi kizima kikiwa na diski na modemu ya 4G weka wastani wa wati 15. Kwa saa 24 ni Wh 360, yaani kwenye betri za volti 24 ni kama Ah 15 kwa siku. Kama betri zako ni za Ah 100 kila moja, zikiungwa kwa mfululizo unapata volti 24 kwa Ah 100, ni Wh 2,400, na betri za risasi usizishushe zaidi ya nusu, inabaki 1,200. Ni siku tatu na kidogo bila jua, kama pampu haizigusi hizo betri. Kama pampu inazigusa, hesabu nyingine kabisa, na pampu ikianza inavuta kwa nguvu volti inadondoka ghafla, kwahiyo waya wa kompyuta utoke kwenye betri zenyewe au kwenye tundu la mzigo la kontrola, usiuchukue pale kwenye vichwa vya pampu.

Fyuzi iwe karibu na betri na siyo karibu na kompyuta, ya ampia 3 inatosha kwa 24V. Waya wa mm² 1.5 kwa mita 10 hivi hauna shida. Angalia plasi na mainasi mara mbili, viboksi vizuri vina kinga ya kugeuza waya lakini siyo vyote. Na pale kwenye umeme chagua chenye kile kiunganishi cha kijani cha skrubu badala ya tundu la duara, lile la duara lina ukubwa unaofanana sana, la 2.1 na la 2.5 kwa pini ya katikati, unachomeka linaingia, linawaka, likitikiswa linazima.

Kwa modemu tafuta kiboksi chenye nafasi ya Mini PCIe pamoja na tundu la laini ndani yake na matundu ya antena pembeni. Antena itoke nje ya kabati, kabati la chuma linaziba mtandao, hiyo wengi wanasahau halafu wanalaumu kampuni ya simu.

Kuhusu jua: ukisoma "-20 mpaka 60" kwenye sifa za kiboksi usidhani ni ruhusa ya kukifungia kwenye kabati la bati juani Singida. Ile 60 mara nyingi wanaipimia hewa ikipita vizuri, na diski iwe ya kiwango cha joto pana. Jenga kivuli juu ya kabati, paka rangi nyeupe, acha matundu chini na juu yenye wavu wa wadudu. Na vingi vya viboksi hivi havina kinga ya maji, IP65 itafute kwenye kabati.

Fundi salaam aleikum. Niko kwenye kiwanda cha barafu Mombasa. Tumefunga mita nane za umeme za RS-485 kwenye majokofu, waya mmoja unazunguka zote mpaka kwenye mini PC. Tunasoma mita tatu za karibu, zilizobaki wakati mwingine zinajibu wakati mwingine kimya. Muuzaji anasema tununue mashine yenye prosesa kubwa. Ni kweli? (Fundi umeme, Mombasa)

Waaleikum salaam. Siyo kweli, na huyo muuzaji mwambie nimesema. Mita nane kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde hata prosesa ya simu ya kitochi ingezisoma. Shida yako iko kwenye waya, na nina wasiwasi najua ni wapi.

Zima kila kitu kwenye hiyo laini, toa waya wa A na B pale kwenye kompyuta, chukua mita yako ya mkononi weka kwenye ohm upime kati ya A na B. Laini iliyofungwa vizuri ina kizuizi cha ohm 120 upande wa mwanzo na kingine upande wa mwisho, viwili tu, na viwili vikiwa sambamba mita inasoma karibu 60. Cha mwanzo kikiwa ndani ya kompyuta uliyoitoa utasoma 120, sawa pia. Ukisoma 15, basi mita zote nane zina kile kiswichi kidogo cha 120 kimewashwa, 120 gawanya kwa 8, na ishara inafia njiani kwa kuwa kila mita inaivuta chini. Zima saba uache ya mwisho kabisa kwenye mstari, au kama kompyuta haina kizuizi chake zima sita uache na ya mwanzo. Hii ni kawaida sana maana anayefunga anaona kiswichi kimeandikwa 120 anadhani ni cha kuongeza nguvu.

Kama hapo ni sawa, fuata njia ya waya. RS-485 inataka waya upite mita ya kwanza uende ya pili uende ya tatu, usiwe na matawi marefu. Mafundi wetu wa umeme wa majumbani wamezoea kuweka boksi la kuungia katikati na kutawanya kama taa, hapo mawimbi yanarudi kutoka kila ncha. Waya uwe jozi iliyosokotwa, hata jozi moja ya kebo ya netiweki inasaidia, na usiupitishe kwenye mfereji mmoja na kebo za kompresa. Umbali usikutishe, RS-485 inafika mita 1,200 kwa mwendo mdogo na vifaa 32 vya kawaida kwenye laini moja, kiwanda chako hakifiki huko.

Halafu A na B. Hapa watengenezaji hawajakubaliana, A ya huyu ni B ya yule, kwahiyo usiape kwa herufi, kama mita moja haijibu kabisa geuza waya wake mbili ujaribu, haiungui. Na waya wa tatu, wa GND, uvute pia kama mita zina nafasi yake.

Anwani: mita mpya nyingi zinatoka dukani zote zikiwa namba 1, ukiziweka mbili zenye namba moja zinajibu kwa pamoja unapata takataka. Kila moja ipe yake, Modbus, ile lugha ambayo mita na kompyuta zinaongea, inaruhusu 1 mpaka 247. Na mwendo ufanane zote, pamoja na ile pariti, biti ya kukagua makosa, kuna mita za 8N1 na za 8E1, tofauti ya herufi moja na kimya kabisa.

Sasa upande wa mini PC yenyewe. COM1 kwenye vingi vya viboksi hivi inabadilika kati ya RS-232, 422 na 485, wengine wanabadilisha kwenye BIOS, ile menyu ya mashine kabla Windows au Linux haijawaka, wengine kwa jampa ndani ya mazabodi, kitabu kinasema. Ukikuta kwenye BIOS sehemu ya kugeuza mwelekeo yenyewe kwa 485, washa, maana kwenye waya mbili kompyuta ikimaliza kuuliza lazima inyamaze haraka ili mita ijibu, isiponyamaza inalifunika jibu. Usidhani pini ni zile zile pia, 485 kwenye tundu la pini tisa kila mtengenezaji anaweka A na B anapotaka, mara nyingi pini 1 na 2 lakini soma kitabu. Kwenye Linux COM1 ndo ttyS0, na mtumiaji lazima awe kwenye kundi la dialout la sivyo inakukatalia. Jaribu na mbpoll, programu ndogo ya kusoma Modbus, mita moja moja kabla ya kuwasha programu kubwa, na hiyo programu kubwa iwe imefungwa, poti ya siriali haitaki wake wenza.

Nimeagiza SSD ya NVMe ya 2280, kiboksi changu kina nafasi iliyoandikwa M.2 lakini haiingii. Nikate? (Msomaji, Arusha)

Usikate jamani! Namba 2280 ni upana mm 22 na urefu mm 80. Viboksi vidogo vingi vina nafasi ya 2242, urefu mm 42. Na hata ikiingia, angalia mkato wa meno na kama nafasi ni ya SATA au NVMe, kuna nafasi za M.2 zinazosoma SATA peke yake, NVMe utaichomeka itakaa vizuri na mashine itasema haina diski. Vya zamani kama vya J1900 vina mSATA, ambayo inafanana kabisa na Mini PCIe ya modemu, mtu anaweka diski kwenye nafasi ya modemu anashangaa.

Kwa kazi za kurekodi data SATA inatosha, wala NVMe haikuongezei kitu zaidi ya joto ndani ya boksi lisilo na feni. Pesa iliyobaki nunua diski ya joto pana, za kawaida mwisho wake nyuzi 70 kuanzia 0, na uangalie TBW yake, yaani jumla ya terabaiti inazohimili kuandikwa. Imeandikwa 80 TBW na unaandika GB 20 kwa siku, kwa karatasi ni siku 4,000, ila kuandika vipande vidogo vidogo kila sekunde kunachosha diski zaidi ya hesabu hiyo, kwahiyo kusanya kwenye RAM uandike kila dakika.

Shikamoo. Kiwanda chetu cha kukoboa kahawa umeme unakatika sana. Ukirudi taa zinawaka kila kitu kinawaka ila kile kikompyuta kimelala mpaka mtu apande ngazi akibonyeze. Na kikiwaka tarehe imerudi nyuma miaka. Kimeharibika? (Mhasibu, Bukoba)

Marhaba dada. Hakijaharibika, hakijaambiwa tu. Chomeka kibodi na skrini, washa huku unagonga Delete, au F2 kwa vingine, uingie BIOS. Tafuta sehemu iliyoandikwa "Restore AC Power Loss", iweke "Power On". Wengine wameificha kwenye Chipset na kuipa jina la ajabu "State After G3", hapo chagua "S0 State". Hifadhi kwa F10. Kisha jaribu kwa kuchomoa waya wa umeme ukutani, siyo kwa kubonyeza kitufe, na usubiri kama nusu dakika kabla ya kurudisha, maana vikapasita vya ndani vikiwa bado na chaji mashine haijui kwamba umeme ulikatika. Hii ndo sababu umeme ukikatika kwa sekunde mbili tu mashine nyingine zinabaki zimelala hata ukiwa umeseti, na dawa yake ni UPS ndogo.

Tarehe kurudi nyuma ni betri ya CR2032, kile kidonge cha saa, dukani bei ya soda. Mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo, ikishuka 2.7 tupa. Na hii inahusiana na shida ya kwanza kuliko unavyodhani, betri ikifa BIOS inaweza kusahau yote uliyoseti pamoja na hiyo ya kuwaka yenyewe, na nyingine zinasimama zinasubiri mtu abonyeze F1 wakati kibodi hakuna. Kwahiyo betri kwanza, kuseti baadaye. Ukiwa humo ndani zima pia ile ya kusimama kwa makosa ya kibodi kama ipo.

Kuna na kitu kinaitwa wochidogi, ni saa ndani ya mashine, programu ikigoma kuigusa kwa muda uliopangwa inaizima na kuiwasha mashine yenyewe. Kwenye Debian, ambayo ni aina ya Linux, unaandika RuntimeWatchdogSec=30 kwenye faili la /etc/systemd/system.conf, unawasha upya, kwisha. Hii inaamsha mashine iliyoganda kabisa, programu ya mizani peke yake ikiganda inataka mpangilio wake tofauti.

Na kama mnaiangalia kwa mbali bila skrini halafu picha inakuja ndogo au nyeusi, nunua kile kiplagi cha uongo cha HDMI kinachodanganya kwamba skrini ipo.

Niaje fundi, niko Thika. Mini PC yetu iko na poti mbili za netiweki. Moja nimeweka PLC (ile controller ya kuendesha mashine), nyingine ofisi. Zote zikiwa on internet inapotea, nikichomoa PLC inarudi. Shida ni gani? (Technician wa kiwanda cha juisi)

Shida ni getiwei mbili, getiwei ni anwani ya mlango wa kutokea kwenda intaneti. Umejaza getiwei kwenye kadi zote mbili, mashine inatuma barua za intaneti kwa PLC, na PLC haina pa kuzipeleka. Upande wa PLC weka anwani ya kudumu, mfano 192.168.0.10 na maski 255.255.255.0, sehemu ya getiwei iache wazi kabisa, ya DNS pia. Upande wa ofisi acha ichukue yenyewe kutoka kwa rauta. Na hizo pande mbili zisiwe familia moja ya anwani, kama ofisi nayo ni 192.168.0 badilisha mmoja.

Usiziunganishe hizo poti kuwa daraja moja hata mtu wa IT akikuomba. Uzuri wa poti mbili ni kwamba virusi vya laptop ya ofisini havimfikii PLC kirahisi, ukiweka daraja umezinunua za nini.

Windows au Linux? Programu yetu ya mizani ni ya Windows tu, na kiboksi kina Windows 10. (Waliouliza hili ni wengi)

Programu ikiwa ya Windows tu swali limeshajijibu. Ila Windows 10 ya kawaida Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, haizimi, lakini haipati tena viraka vya usalama vya kawaida, kwahiyo ikiwa inagusa intaneti nina wasiwasi nayo. Ipo Windows 10 IoT Enterprise LTSC 2021 ambayo inahudumiwa mpaka Januari 2032 na hailetewi mabadiliko ya sura kila mara, hiyo ndo iliyokusudiwa kwa mashine kama hizi, na leseni yake inakuja na mashine, ulizia stika kabla hujalipa. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM GB 4 na diski GB 64, N100 inapita, J1900 haipiti. Ukiweka Windows yoyote panga saa za kazi na saa za apdeti, isije ikajiwasha upya lori likiwa juu ya mizani.

Kama hamna kifungo cha programu, Debian. 12 ilitoka Juni 2023, 13 ikatoka Agosti 2025, zote zinaikubali N100 bila kutafuta draiva. Ukimaliza kuseti piga nakala ya diski nzima kwa Clonezilla uiweke kwenye flashi, na flashi uifunge kwa tepu ndani ya mlango wa kabati pamoja na karatasi yenye anwani za IP na namba za mita.

Je, siwezi kununua tu zile Dell au HP ndogo za ofisini zilizotumika? Zina Core i5 na bei nzuri. (Msomaji, Kariakoo)

Kwa ofisi yenye hewa safi nunua, ni mashine nzuri na kwa mwendo zinaishinda N100 kirahisi. Kiwandani zina feni inayovuta vumbi, Dell inataka volti 19.5 ambazo betri haikupi moja kwa moja, na COM mpaka ubahatike. Ukikuta yenye COM na mahali pako hapana vumbi, umepata.